Nani Anashika Daftari? Historia ya kuomba pesa, kutoka SQ moja ya Kitisuru

Ukiniuliza Tata anafanya kazi gani nitakwambia ni konsaltanti, na najua sura utakayoweka. Hapa Nairobi neno hilo huwa na maana mbili: mtu aliyepoteza kazi ambaye hataki kusema hivyo, ama mtu wa NGO anayelipwa kwa dola kukaa hotelini akibandika karatasi ukutani. Tata si huyo wala yule. Anaishi kwa SQ nyuma ya nyumba ya wenyewe huku Kitisuru, ndani ya ua wa kayaba, na kazi yake ni kusaidia mashirika madogo kutafuta pesa: kituo cha watoto, maktaba ya mtaa, vikundi vya akina mama. Ofisi hana. Ana meza, laptopu, na mimi ninayemchapia kazi nikikosa za kwangu.

Mwaka wa 2024 ukielekea kuisha, alinipa nichape pendekezo la ufadhili la kikundi cha akina mama kutoka Kibagare. Kibagare si mbali, ni ule mtaa wa mabati ulio pembeni mwa Loresho, ambao watu wa hizi nyumba kubwa huuona tu wakipita na gari. Wale mama wanachanga kila wiki, wanakopeshana, na faida inalipia mahali pa kuangalia watoto wao wakienda vibarua. Mimi nikaona maneno ya Tata yamepoa. Nikayatia chumvi. Nikaandika kwamba ni wanawake waliokata tamaa, wasio na mtu wala mahali pa kugeukia. Manze, nilijiona mwandishi.

Mwenyekiti wao alikuja, akasomewa kwa Kiswahili mstari kwa mstari, akanyamaza. Halafu akaniangalia. "Kijana wangu, huyu uliyemwandika hapa ni nani?"

Akatoa daftari kwenye mkoba, lile la kurasa mia mbili, kona zimekunjika. Miaka kumi na moja ya michango, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma vile Wakenya tumekuwa tukiomba pesa, na ninarudi kwa swali moja: kati ya anayetoa na anayepokea huwa kuna mtu amesimama katikati. Huyo mtu anasema nini juu yetu, na daftari linabaki kwa nani?

Konsaltanti wa kwanza mkubwa wa nchi hii, kama mtaniruhusu, alikuwa Tom Mboya. Aprili 1959 alikuwa na miaka 28, akazunguka Marekani akihutubia vyuo na vyama vya wafanyakazi. Hakwenda kulia. Hoja yake ilikuwa kwamba uhuru unakuja, mkoloni hajasomesha watu wa kuendesha nchi, kwa hivyo nipeni nafasi za masomo. Vyuo vikatoa nafasi. Tatizo likawa nauli, maana kupata nafasi chuo cha Kansas bila pesa ya ndege ni sawa na kuonyeshwa ugali kupitia dirishani. Mboya na rafiki yake mfanyabiashara, William X. Scheinman, wakaunda shirika la kuchangisha, na barua ya kuomba pesa ikatoka na sahihi za Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Hii mbinu ya kutumia maseleb kuchangisha hatukuivumbua sisi na simu zetu. Septemba mwaka huo vijana 81 wakatua New York. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikakataa kulipia nauli, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kati ya waliosafiri 1960 alikuwa binti wa Nyeri, Wangari Muta, ambaye nyinyi mnamjua kama Wangari Maathai.

Kile watu husahau ni kwamba huku nyumbani pia wazazi, majirani na ukoo walikuwa wakichanga pesa za matumizi. Ndege ililipiwa na wageni, lakini mfuko wa kijana ulijazwa na kijiji.

Halafu tukapata jina rasmi la kitu ambacho tayari tulikuwa tunakifanya. Juni 1, 1963, siku ya Madaraka, Jomo Kenyatta alilifanya neno harambee kuwa wito wa taifa, neno la watu wanaovuta mzigo mzito pamoja. Likaandikwa hadi kwenye nembo ya nchi. Na si maneno tu. Shule za upili za harambee zilichipuka kila mahali, pamoja na zahanati na majosho ya ng'ombe. Kama unasoma Dedan Kimathi kule Nyeri ama Masinde Muliro kule Kakamega, hivyo vyuo vikuu vyote viwili vina mizizi kwenye taasisi za ufundi zilizochangiwa na wananchi miaka ya mwanzo ya 1970. Kuna mzee wa kahawa ambaye pengine hakumaliza darasa la nne, na wewe unakaa kwenye kiti chake ukilalamika Wi-Fi inakwama.

Katika harambee ya kwanza hiyo, kila mtu angeweza kuona. Ukitoa shilingi mbili, jina lako linasomwa. Ukitoa mbuzi, mbuzi anaonekana. Jengo likikwama, mnajua mlango wa mweka hazina.

Kilichoharibu ni mgeni wa heshima. Kadiri miaka ilivyosonga, hasa enzi za Moi, jukwaa likawa muhimu kuliko jengo. Mheshimiwa anakuja na bahasha, ya kwake na ya "marafiki zake", inatangazwa kwa redio, na hakuna anayeuliza mshahara wa mbunge umezaaje kiasi hicho. Huku chini chifu akawa na kitabu cha risiti. Cucu wangu alikuwa akisimulia vile ungeenda kutafuta barua ya kitambulisho na kuambiwa kwanza uonyeshe risiti ya harambee, na kama hukuwa na pesa, kuku wako alichanga kwa niaba yako. Wafanyakazi wa serikali walikatwa kwenye mishahara. Transparency International tawi la Kenya ilipochunguza harambee za miaka ya 1980 na 1990, ilikuta kwamba pesa zilizotolewa zilipanda uchaguzi wa 1992 na wa 1997 ulipokaribia. Daftari lilikuwa limehamia kwa mwanasiasa. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ilijaribu kuwazuia wasitumie ofisi kuchangisha, na bado Julai 2024, baada ya sisi kujaa barabarani, Rais Ruto alikuwa anatangaza upya kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa kwenye harambee. Miaka 21 imepita na tunaahidiwa kitu kilekile.

Sasa hii biashara ya Tata ilizaliwa wapi? Mimi naiweka hapa: Novemba 1991, Paris. Nchi wafadhili zilikutana huko na kusimamisha misaada mipya kwa serikali ya Moi hadi ibadilishe siasa na uchumi. Pesa nyingi zikatafuta njia nyingine, na njia ilikuwa mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo tayari yalikuwa yamewekewa sheria yake mwaka wa 1990. Ghafla kuandika kukawa mtaji. Kikundi ambacho kingeita harambee na kuchinja mbuzi sasa kilihitaji mtu wa kujaza lile jedwali lenye vyumba vya lengo, matokeo, viashiria na hatari. Jedwali hilo lilibuniwa 1969 kwa ajili ya USAID. Nimelijaza mara nyingi hadi naliota. Ni zuri kwa kukulazimisha ufikiri, lakini halina chumba cha kuandika "tumejuana miaka kumi na moja na hakuna aliyetoroka na pesa".

Ndipo akaingia mtafsiri, mtu anayejua Kiingereza cha mfadhili na lugha ya mtaa. Nitakuwa mkweli, wengine wao waliharibu. Walijua picha gani ya mtoto inatoa machozi. Walimwandikia kila kikundi hadithi ileile, wakibadilisha jina la kijiji. Na wapo waliodai asilimia: tukipata milioni, laki ni yangu. Tata hataki kusikia hiyo. Analipwa kwa siku au kwa kazi, upate ufadhili usipate, na kanuni za maadili za wachangishaji wa kitaalamu duniani zinasema hivyohivyo, kwamba usilipwe kwa asilimia ya kilichochangwa. Mwanzoni niliona ni ujinga wa kukataa doo. Baadaye nikaelewa. Ukilipwa kwa asilimia, unaanza kutamani kikundi kionekane maskini zaidi kuliko kilivyo, kama vile mimi nilivyofanya bila hata kulipwa.

Na kuna waliofanya vizuri. Ukitaka mfano mrudie Maathai. Green Belt ilianza 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, na jaribio lake la kabla ya hapo lilikuwa limekufa kwa kukosa pesa. Pesa za wafadhili wa nje zilipokuja, hazikuishia kwenye semina. Mama aliyepanda mche alilipwa senti 4 za dola kwa kila mche ulioshika. Angalia ujanja wa hilo neno "ulioshika". Lazima mama arudi, ahesabu, aandike, aripoti. Pesa ni za ng'ambo lakini hesabu iko kwa mama mwenyewe. Mwaka 1989 alipopinga jumba la ghorofa 60 Uhuru Park, serikali ikalifurusha shirika kutoka ofisi yake, na akalihamishia nyumbani kwake. Tata hunikumbusha hilo kila nikimtania kwamba ofisi yake iko kando ya jiko. Lile jumba halikujengwa, na bustani mnaijua.

Simu ilibadilisha mambo tena. M-Pesa ilianza 2007, na kufikia 2011, wakati wa ukame wa kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ilipita lengo lake la shilingi milioni 500, watu wakituma hata shilingi kumi. Lakini mimi hesabu ninayoijua vizuri ni ya 2024, kwa sababu nilikuwepo. Hanifa Adan alifungua mchango kwenye M-Changa wa kusaidia majeruhi na familia zilizofiwa baada ya maandamano ya Juni. Zilikuja zaidi ya milioni 20. Halafu tukamkalia mtandaoni: pesa zimeenda wapi, nani amelipwa, kwa nini huyu na si yule? Akatoa hesabu hadharani. Wengine wenu mliona tunamsumbua. Mimi niliona kijiji kikiuliza mlango wa mweka hazina uko wapi, vile kilivyouliza 1963.

Halafu Januari 20, 2025, Trump akaweka sahihi ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Nakumbuka wiki hiyo kwa sababu simu ya Tata ilinyamaza. Kazi tatu zilikufa kwa siku nne. Hakuna aliyekuwa na makosa, mashirika yenyewe yalikuwa yakifunga milango na kurudisha watu nyumbani, na kufikia Julai 1 USAID ilikuwa imefungwa kabisa. Wagonjwa waliotegemea kliniki zile ndio walioumia, si konsaltanti, na sitaki mtu asome hapa akidhani nasema misaada iliyokatwa ni baraka. Mchango wa mtaa haununui dawa za ukimwi za kaunti nzima. Nikisikia watu wakisema "tujitegemee" wakiwa na bima ya afya nachoka.

Lakini mwezi wa tatu mama wa Kibagare walirudi, watano, wakakaa nje chini ya mparachichi kwa sababu ndani hatutoshi. Kikundi chao hakikuwa kimekatwa chochote, kwani kile nilichokipamba hakikuwahi kutumwa. Walitaka Tata awafundishe kusoma daftari lao wenyewe: mikopo gani inarudi haraka, ada ya watoto ipande ama ikae, na wakienda kwa mfadhili safari nyingine waende na swali gani. Walimaliza siku mbili. Pendekezo jipya lina kurasa nne, na ukurasa wa kwanza ni jedwali la michango yao ya miaka kumi na moja.

Mwisho wakajadili malipo. Tata akataja bei, wakaipunguza, akacheka, wakakubaliana. Simu yake ikalia, M-Pesa imeingia. Mwenyekiti akafungua daftari kwenye magoti, akanipa kalamu.

"Andika hapo, kijana wangu. Tarehe, jina lake, pesa. Na usiongeze kitu."