Msimulizi wa Kiungani

Mwaka 1925 shule ya Mtakatifu Andrea ilifunga virago Kiungani, Unguja, ikavuka bahari na kuhamia Minaki, jirani na Kisarawe. Karne imetimia tangu safari ile. Waliosoma Minaki wana kila sababu ya kushangilia miaka 100, ila nawaomba wasianze kuhesabu hapo. Shule ilipotia mguu bara ilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne, na ilikwisha kuzaa gazeti.

Habari yake inaanza na watoto watano. Askofu Tozer na Dk. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA walipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid bin Said aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Mmoja wao ni John Swedi, ambaye mwaka 1879 aliwekwa wakfu kuwa shemasi. Hao watano ndio darasa la kwanza. Kufikia mwaka 1869 shule ilikuwa na makao yake Kiungani, kusini mwa mji, na wavulana waliendelea kuletwa: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazigua, kila mmoja na lugha ya kwao, na wengi wao bila kujua kama mama zao wangali hai. Kiswahili walikikuta pwani. Kikawa lugha ya darasani na ya bwenini, ya kuombea chumvi mezani na ya kugombania mpira.

Mwaka 1887 mwalimu wao, A. C. Madan, yuleyule ambaye kamusi zake zingekuja kutumiwa na vizazi, alitoa kitabu cha maisha ya wavulana hao kwa jina la Kiungani. Wao wenyewe walisimulia: walitekwa wapi, waliuzwa mara ngapi, walipita njia zipi hadi pwani. Nakithamini sana kitabu hicho. Lakini kilitoka kwa Kiingereza, na wasomaji wake walikuwa Uingereza. Mtoto wa Kiyao alieleza jinsi alivyotenganishwa na nduguze, na waliomsikiliza walikuwa watu ambao asingewaona maishani.

Mwaka uliofuata, 1888, mambo yakageuka. Kiungani ikaanza kutoa Msimulizi, gazeti la Kiswahili, lililopigwa chapa palepale, ili wasome wao kwa wao. Ni miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Kiongozi, lile la shule ya serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, kule Tanga, lilikuja miaka 16 baadaye, mwaka 1904. Mambo Leo mwaka 1923. Tukizungumzia mwanzo wa uandishi wa habari katika lugha hii, tunazungumzia wanafunzi.

Chapa haikuwa ngeni shuleni. Steere alikuwa amewafundisha wavulana kazi hiyo tangu zamani, na mmoja wa waliolelewa na misheni, Owen Makanyassa, ndiye aliyekuja kusimamia chumba cha chapa. Ni kazi inayotaka macho na subira. Herufi ni vipande vidogo vya risasi, kila aina katika kijumba chake ndani ya kasha. Mpangaji anaviokota kimoja kimoja na kuvisimamisha mstarini kinyumenyume, kama maandishi yanavyoonekana kwenye kioo. Akizubaa kidogo, b imejifanya d. Na Kiswahili kina njaa yake: kinakula a, k na w kuliko Kiingereza, kiasi kwamba kasha lililojazwa kwa hesabu ya Kiingereza linaishiwa k ukurasa ukiwa bado nusu. Ukurasa ukikamilika unapakwa wino kwa rola, unawekewa karatasi, unagandamizwa. Kijana aliyeingia nchini akiwa amehesabiwa kama shehena anainua karatasi mbichi na kusoma alichokipanga kwa vidole vyake.

Kilichoandikwa humo kwa sehemu kubwa kilikuwa habari za vituo. Waliohitimu Kiungani walitawanywa kufundisha: Magila katika nchi ya Wabondei, Masasi na Newala kusini, wengine hadi Ziwa Nyasa. Kutoka huko wakaandika barua: mvua na mavuno, shule na kanisa, nani kafika, nani kafariki. Anayetafuta mambo makubwa huzipita haraka. Mimi nadhani humo ndimo ulimo moyo wa gazeti. Mtu aliyenyang'anywa ukoo mzima hana shangazi wa kumpelekea salamu wala mjomba wa kumpa taarifa ya msiba. Ukoo alio nao ni wenzake wa bwenini, na hao nao sasa wametawanyika safari ya majuma kadhaa. Msimulizi ndiye aliyewakusanya. Barua ya Masasi ilitembea kwa miguu hadi Lindi, ikapanda chombo hadi Unguja, ikapangwa kwa risasi, kisha ikarudi njia ileile ikiwa imechapwa pamoja na habari za Magila.

Na mwaka ule njia hazikuwa salama. Gazeti lilianza mwaka uleule pwani ilipoinuka dhidi ya kampuni ya Wadachi, vita ya Abushiri ikianzia Pangani. Hata hivyo Msimulizi aliendelea hadi katikati ya miaka ya 1890, wakati Magila nayo ilipoanzisha Habari za Mwezi, na kalamu zikapata pengine pa kuandikia.

Michezo nayo ilikuwa na nafasi yake. Vijana wa Kiungani walicheza kriketi na kandanda, na bila shaka yeyote aliyewahi kuishi bwenini anajua kwamba timu ni chama kamili: ina nahodha, ina ratiba, ina kumbukumbu ya nani alikosa goli lipi. Huko ndiko mtu anakojifunza kuitisha kikao na kukubali kushindwa kwa kura.

Martin Kayamba alipitia shule hiyo. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mwalimu wa misheni na aliwahi kusoma Uingereza. Martin akawa karani wa serikali, na baadaye angeandika kitabu cha safari yake ya Uingereza ya mwaka 1931. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1922, akiwa Tanga, aliwakusanya makarani na walimu Waafrika wakaunda chama chao, wa imani zote mbili, Waislamu kwa Wakristo. Walitafuta mahali pa kukutania jioni baada ya kazi. Wakaweka humo magazeti ya kusoma, na wakaunda timu ya mpira.