Kifua Kikuu na Watu Waliohamishwa

Wakikuyu waliowekwa Olenguruone mwaka 1941 walikuwa wamekwisha kuondolewa kwa nguvu kufikia mwaka 1950. Mapigano ya mwaka 1992 na 2008 yaliwatawanya wengine. Twayataja haya kwa ajili ya kifua kikuu. Zamani dawa yake ilimezwa mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyoanza Afrika Mashariki mwaka 1970 yalionyesha kuwa miezi 6 yatosha. Lakini aikatizaye njiani huweza kurudiwa na ugonjwa, na viini vikaizoea dawa. Mwuguzi humsimamia mgonjwa akimeza, bali hawezi kumfuata asikokujua. Basi ahamaye na achukue kadi yake, akaionyeshe katika zahanati ya kwanza aifikiayo.