Baiskeli ya fidia: nyaya za Kiambere na mkutano niliokosa

Wasee, nianze na hesabu. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufika Septemba lita moja ya petroli Nairobi ilikuwa imepita shilingi 211, na sisi wa Kiambere tunajua bei ikisafiri inafika huku ikiwa imechoka na imeongezeka. Nauli ya boda kwenda na kurudi ikaanza kula faida yote ya kibanda changu cha kutengeneza simu. Nikaenda nyuma ya nyumba ya shosho, nikatoa baiskeli ya marehemu guka chini ya magunia ya ndengu, nikaiwekea tairi mpya na breki. Ni ile blek mamba nzito, keria ya chuma, kengele haifanyi kazi. Tangu siku hiyo ndiyo gari langu.

Watu hucheka. Kijana wa miaka 22 na baiskeli ya wazee. Sawa. Lakini niwaambie kitu: ukiwa ndani ya gari, shimo ni kishindo tu, linapita. Ukiwa kwa baiskeli unalijua kila shimo, unajua lilianza lini, unajua kalavati gani ilijengwa mara mbili na bado mvua ikinyesha maji yanapita juu. Unakuwa mkaguzi wa serikali bila mshahara. Halafu unakuwa na hasira, kwa sababu una saa nzima ya kupiga pedali ukifikiria tu hayo.

Njia yangu inapita chini ya zile nyaya kubwa. Mnazijua, nguzo za chuma zinazopanda na kushuka vichaka kama zina haraka. Zina haraka kweli. Laini moja ya kilovolti 220 inatoka hapa Kiambere mpaka Rabai, karibu na Mombasa, zaidi ya kilomita 400. Nyingine zinaelekea Nairobi. Bwawa letu ndilo la mwisho kuteremka Mto Tana katika yale mabwawa matano ya Seven Forks: Kindaruma lilikuja 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere likaanza kutoa stima 1988. Megawati 144. Mitambo ikaboreshwa, na kufika 2009 zikawa 168.

Kwetu stima iliingia 2017, nikiwa darasa la nane, na ule mradi wa Last Mile uliozinduliwa 2015 ambapo ada ya kuunganishiwa ilishushwa kutoka 35,000 hadi 15,000. Yaani kutoka 1988 hadi 2017, miaka 29, stima ilipita juu ya mbuzi wetu ikienda kuwasha hoteli za Pwani. Katika hiyo miaka yote, stima pekee iliyokuwa kwa boma letu ilikuwa ya dainamo ya hii baiskeli. Guka akirudi usiku ungeona taa ikipepesuka huko chini, ikififia akipanda mlima, ikiwaka sana akishuka.

Nilikuwa nikisimulia hii stori kama kichekesho. Nilifanya hata video. Mpaka siku moja nikamuuliza shosho, hii baiskeli guka aliinunua wapi? Akaniangalia kama mtu ambaye ameulizwa jambo la wazi.

"Si ni pesa ya maji," akasema.

Pesa ya maji ni fidia. Shamba lao la kwanza liko chini ya bwawa. Walikuwa wanakaa karibu na mto, mahali ambapo udongo ulikuwa mzuri na mbuzi hawakuenda mbali kutafuta maji. Maji yakaja, wao wakapanda juu, kwenye mawe. Pesa ilinunua mabati, ikalipa karo kidogo ya mjomba, ikanunua baiskeli. Ikaisha.

Sasa mimi ni mtu wa kusoma, nikianza kitu silali. Nikatafuta. Na niliyoyapata yamenifanya nisiweze tena kuangalia zile nyaya na kucheka.

Bwawa lilijengwa na serikali kupitia TARDA, ile mamlaka ya maendeleo ya Tana na Athi, na Benki ya Dunia ikiwa mmoja wa wakopeshaji. Maelfu ya watu walihamishwa. Baadaye watafiti walienda kuwaangalia wale waliohamishwa wanaishi vipi, na matokeo yakaingia kwenye maandishi ya Benki ya Dunia yenyewe miaka ya 1990. Soma polepole. Shamba la familia, kwa wastani, lilishuka kutoka hekta 13 hadi 6. Mifugo ilipungua kwa zaidi ya thuluthi moja. Mavuno ya mahindi kwa hekta yalishuka kwa asilimia 68, maharagwe asilimia 75. Na mapato ya familia yalitoka shilingi 10,968 hadi shilingi 1,976. Hiyo ni kupoteza asilimia 82.

Asilimia 82, manze. Leo Kiambere inatajwa kwenye vitabu vya wasomi wa mambo ya kuhamisha watu, huko ng'ambo, kama mfano wa jinsi mradi unavyoweza kumfanya mtu maskini. Shuleni kwetu tulifundishwa Seven Forks mara ngapi? Faida za mabwawa: stima, uvuvi, utalii. Ukiandika hivyo unapata alama zako tatu. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba Kiambere yenyewe ni mfano wa kitu kingine.

Swali langu la kwanza lilikuwa la hasira: kwani hawa wazee walinyamaza tu? Guka alikuwa mtu wa maneno mengi. Alibishana na chifu kuhusu mbwa. Mbona kwa shamba hakubishana?

Hapo ndipo inabidi uangalie tarehe. Juni 1982 Bunge lilibadilisha Katiba, kile kifungu maarufu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. KANU au ukae nyumbani. 1986 KANU ikaleta kitu kinachoitwa mlolongo: katika mchujo wa chama hakuna karatasi ya siri, unasimama nyuma ya mgombea au picha yake, mchana kweupe, chifu anaona, aliyekuajiri anaona, jirani anaona. Na ukipata asilimia 70 ya mlolongo, umepita bila kupingwa, hakuna haja ya kura ya siri tena. Uchaguzi wa 1988 ulifanyika hivyo, na sehemu nyingi mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Watu waliona kwa macho yao wakaambiwa hawakuona.

1988. Mwaka uleule Kiambere ilianza kutoa stima.

Kwa hivyo fikiria wewe ni guka. Maji yanapanda kwenye shamba lako. Aliye na shida na mradi wa serikali ni adui wa maendeleo. Ukitaka kumwadhibu mwanasiasa, simama kwenye mstari ambao kila mtu anauona, huku fidia yako bado inashughulikiwa ofisini. Ungesimama wapi?

Na si kwamba huku kwetu hakukuwa na mtu mkubwa. Jeremiah Nyagah, mtoto wa Mbeere, alikuwa bungeni tangu 1958 hadi 1992, waziri kwa miaka mingi, na hata wapinzani walimheshimu. Huwa nafikiria hilo kila mtu anapotuambia dawa ni kupata "mtu wetu" kwa kabati. Tulikuwa naye.

Kuna waliosema. Baraza la makanisa, NCCK, lilipinga mlolongo 1986 hiyohiyo. Na hapa hapa Embu kulikuwa na Askofu David Gitari wa dayosisi ya Anglikana ya Mlima Kenya Mashariki, ambaye alihubiri wazi dhidi ya wizi wa kura, akitoa mifano ya Biblia ambayo kila mtu alijua inamlenga nani. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku huko Kirinyaga. Aliponea. Baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Kenya. Mlolongo ulifutwa mwisho wa 1990, baada ya Saba Saba na presha kutoka kila upande, na 2A ikaenda Desemba 1991.

Nawaambia haya yote kwa sababu ya jambo moja nililofanya, ambalo sijawahi kuliandika.

Katika njia yangu kuna kalavati moja iliyovunjika. Kwa miezi minane niliiposti. Nilipiga picha na kuweka maneno makali, mkanipa lakes na vicheko, mkatag viongozi. Mvua ya mwaka jana mama mmoja wa sokoni aliangukia pale na kreti ya nyanya, akaumia mkono. Nikaposti hata hiyo. Halafu likatoka tangazo la mkutano wa bajeti, ule wa ushirikishwaji wa umma. Lilibandikwa kwa mlango wa duka ninakonunua mkate. Nililiona. Sikuenda. Nilijiambia ni maigizo, wameshaamua, wanataka tu sahihi zetu na watupe soda.

Mwaka huu nikaenda. Tulikuwa watu kama 20, wengi wa umri wa shosho, wamekaa chini ya mti na vitambulisho mkononi. Nikasimama nikasema maneno yangu ya kalavati kama vile ninavyoandika hapa, kwa moto. Afisa akaniacha nimalize. Akafungua faili. Akasema kalavati ilikuwa kwenye orodha ya mwaka uliopita, ikashindana na ukarabati wa choo cha soko, na waliohudhuria walichagua choo. Akanionyesha majina. Hakuna jina hata moja la kijana. "Wewe ulikuwa wapi?" akaniuliza, na hakuwa na kiburi, alikuwa anauliza tu.

Nilikuwa kwa simu, nikilalamika.

Sisemi mkutano ulikuwa mzuri. Ulianza kwa kuchelewa saa mbili, karatasi zilikuwa za Kizungu, na wazee kadhaa walitia sahihi wasichosoma. Soda ilikuwepo, nilikuwa sawa kwa hilo. Kuna mambo yalikuwa yameamuliwa kabla, ungeona kwa jinsi afisa alivyokuwa akiharakisha. Lakini Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinasema mambo ya pesa za umma yawe na uwazi na umma ushirikishwe, na kwa sababu ya sentensi hiyo yule afisa alilazimika kuja na faili, na kunijibu. Mtu wa TARDA mwaka 1985 hakuhitaji kumjibu guka chochote. Guka hakuwa na mlango wa kubisha. Mimi mlango upo, unalia bawaba, na nilikuwa nimekataa kuusukuma nikidhani huo ni ujanja.

Najua mtaniambia: na Juni 25? Nilikuwa Embu mjini siku hiyo 2024, miguu yangu inakumbuka. Vijana wa rika letu waliuawa nchini, na kesho yake Rais akakataa kutia sahihi ule Mswada wa Fedha. Barabara ilifanya kazi ambayo mikutano haikufanya. Sikatai, na sitaki mtu yeyote aniambie waliokufa wangeandika memoranda. Lakini tulirudi nyumbani, na bajeti ya wadi ikapita kimya kimya wiki zilizofuata, bila sisi. Na jirani zetu wa Mbeere Kaskazini, uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025, kiti cha ubunge kiliamuliwa na tofauti ambayo haikufika kura 1,000. Nina wateja kwa kibanda ambao wana kadi ya kura ya kule na siku hiyo walilala. Wengine walinitumia meme za matokeo.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi ya kalavati. Mswada wa kugawana faida za maliasili uliletwa Seneti 2014, ukakwama, ukaletwa tena 2022. Huo ndio unaogusa maeneo kama yetu, ambayo maji yake au ardhi yake inatengeneza pesa mahali pengine. Gavana wowote wa upande huu wa Tana ataupigia kelele wakati wa kampeni, halafu kimya. Nimeuliza wenzangu kumi kwa stage kama wanaujua. Mmoja alijua, na yeye alidhani ulishapita.

Shosho ana miaka 80 na kitu. Nimemwomba aniambie mipaka ya lile shamba, kabla hajasahau. Anasema kulikuwa na mkuyu mkubwa upande wa chini, na njia ya ng'ombe, na kaburi la mtoto wao wa kwanza. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kaburi wakati wa kupima. Nimeandika yote kwa daftari, na kiasi cha fidia alichokikumbuka, ambacho sitakitaja mpaka nipate karatasi.

Kama guka au shosho wako alihamishwa na maji, Kiambere, Masinga, Kamburu, upande wetu au ule wa Ukambani, muulize wiki hii. Muulize alilipwa ngapi, nani alikuja kupima, na alinunua nini na hiyo pesa. Nitumieni. Mkutano wa wadi unaofuata niko, na safari hii nakuja na daftari kwa keria.