Setilaiti ya Uhuru na Majukwaa ya Ngomeni Yasiyotembelewa

Mgeni anayetembezwa Malindi kwa siku moja huonyeshwa Nguzo ya Vasco da Gama na kufikishwa kwenye magofu ya Gedi, lakini ni nadra kuelezwa kwamba upande wa kaskazini, katika Ghuba ya Ungwana mkabala na Ngomeni, yapo majukwaa ya chuma ambayo ndiyo mahali pekee kusini mwa Sahara ambapo setilaiti, yaani vyombo vinavyoizunguka dunia, zimewahi kurushwa hadi zikafika kwenye njia zake angani. Tarehe 12 Desemba, ambayo Wakenya huiadhimisha kama Sikukuu ya Jamhuri, ni kumbukumbu pia ya siku ya mwaka 1970 iliyoliingiza jina la Uhuru katika historia ya sayansi ya nyota, nayo kumbukumbu hiyo hupita kila mwaka pasipo shamrashamra yoyote inayolingana na uzito wake.

Mradi wa San Marco, ulioyaleta majukwaa hayo, ulibuniwa na Luigi Broglio, profesa wa uhandisi wa vyombo vya anga mjini Roma na afisa wa Jeshi la Anga la Italia, ambaye mwaka 1962 alifanikisha makubaliano kati ya nchi yake na NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Wamarekani walitoa roketi aina ya Scout pamoja na mafunzo, na Waitalia wakaunda setilaiti na kutafuta mahali pa kurushia. Setilaiti ya kwanza ilirushwa na mafundi wa Kiitalia kutoka Wallops, Virginia, tarehe 15 Desemba 1964, na ya pili ikarushwa kutoka Ngomeni tarehe 26 Aprili 1967.

Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu iko chini ya digrii tatu kusini mwa ikweta, mahali ambapo uso wa dunia, inapojizungusha kuelekea mashariki, husafiri karibu kilomita 1,670 kwa saa, kiasi kwamba roketi inayoelekezwa mashariki huondoka ikiwa imekwisha kupata msukumo wa bure, na mbele yake hakuna mji wala kijiji bali Bahari ya Hindi, ambamo sehemu zake zilizokwisha kuungua zinaweza kuanguka bila kumdhuru mtu. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia. Jukwaa la Santa Rita, lenye umbo la pembetatu na lililokuwa hapo awali la kuchimbia mafuta, lilikuwa la waongozaji, nayo mawili hayo, yaliyoachana kwa takriban nusu kilomita, yaliunganishwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Scout yenyewe ilikuwa na urefu wa karibu mita 23 na hatua nne, maana yake roketi nne zilizopandanishwa, kila moja ikiwaka baada ya ile iliyo chini yake kumaliza fueli na kuachwa, na iliunganishwa ikiwa imelala ndani ya banda refu kabla ya kuinuliwa wima.

Chombo kilichoibeba sifa ya Ngomeni duniani kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi na kiliitwa SAS-A kilipoletwa. Kazi yake ilikuwa kutafuta angani miale ya eksirei, ileile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa, ambayo ikitoka kwenye nyota humezwa na angahewa kabla ya kufika ardhini, hivyo kwamba wataalamu waliokuwa wakiichunguza kwa roketi ndogo tangu mwaka 1962, wakiongozwa na Riccardo Giacconi, walikuwa wakipata dakika chache tu za kuitazama kila roketi iliporuka. Kukiweka chombo juu ya ikweta kulikuwa na faida nyingine kubwa, kwani kiliepushwa na eneo la kusini mwa Atlantiki ambako chembechembe zenye nishati kali hushuka karibu zaidi na dunia na kuvuruga vipimo vya namna hiyo. Maelezo ya NASA humpa nafasi ya pekee Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi wa chombo hicho, na anastahili, kwa kuwa ndiye aliyependekeza chombo kiitwe Uhuru kwa heshima ya wenyeji waliowapokea, kilipokuwa kinarushwa siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala. Katika muda wa zaidi ya miaka miwili, Uhuru iliikagua mbingu yote, na orodha yake ya mwisho ikawa na vyanzo 339 vya eksirei, vikiwamo vinavyotoka kwenye nyota zilizokufa na kushindiliwa hadi zikawa ndogo kama mji. Vipimo vyake kuhusu Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kukitambua kitu hicho kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga haukiponyoki. Giacconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Setilaiti nyingine zilifuata, ikiwamo Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974, na ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, iliondoka tarehe 25 Machi 1988. Tangu hapo kituo, ambacho sasa kina jina la Broglio, kimebaki kupokea ishara za vyombo vilivyorushwa kwingine. Manung'uniko ya Wakenya kuhusu mapato na manufaa yalizaa mkataba mpya uliotiwa saini Trento, Italia, tarehe 24 Oktoba 2016, wenye ahadi za mafunzo na za kugawana takwimu za uangalizi wa dunia. Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya uangalizi wa dunia, ilirushwa mwaka 2023 kutoka California.

Kilichopungua katika mabishano hayo yote ni hoja ya kumbukumbu. Huko Florida, roketi kubwa ya Saturn V iliachwa nje tangu mwaka 1976, ikipigwa na jua na chumvi ya bahari, hadi ilipojengewa jumba lake mwaka 1996, na leo watu hulipa kiingilio kuitazama. Ngomeni inastahili jumba la wageni linalolingana na kazi iliyofanyika pale, nalo lisijazwe picha za Broglio, Townsend na Giacconi peke yao. Maelezo yanayosomwa sana huutaja ukarimu wa Wakenya kwa jumla tu, hali ya kuwa kijana aliyeajiriwa pale mwaka 1970 akiwa na miaka 25 amekwisha kufika themanini, na sauti yake inaweza kurekodiwa mwaka huu, kabla ya serikali za Kenya na Italia kukubaliana nani atalipia jengo.