Msingi wa stahiki: pato ambalo droo ya kaunta haijaliona

Mwenye zahanati binafsi akiulizwa mwezi uliopita alipata kiasi gani, jibu hutoka kwenye daftari la kaunta: fedha zilizoingia, toa zilizotoka. Kwa muda mrefu jibu hilo lilitosha. Tanzania ilipiga marufuku tiba ya kibiashara kwa sheria ya mwaka 1977. Milango ilipofunguliwa tena mwaka 1991, kliniki za watu binafsi ziliendeshwa kwa fedha taslimu: mgonjwa analipa, anakatiwa risiti, anapewa dawa. Huduma na malipo vilikuwa vya siku moja.

Bima ndiyo iliyovitenganisha. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi mwaka 2001, na zipo pia kampuni binafsi za bima. Mgonjwa wa kadi anamwona daktari, anapimwa malaria, anachukua dawa, anasaini fomu na kuondoka bila kutoa shilingi. Fomu yake hukusanywa na za wenzake, hupelekwa kama madai ya mwezi, na malipo hufuata baada ya wiki kadhaa, pengine miezi. Sasa pato hilo ni la mwezi gani: aliotibiwa mgonjwa, au fedha zilipoingia benki?

Anayeliandika kwenye mwezi wa tiba anafuata utaratibu ambao Kiingereza huuita accrual. Tafsiri inayomjia mtu haraka ni malimbikizo, na kwa mzizi wake si mbaya: kulimbika ni kuweka akiba kidogo kidogo, au kungoja maji yajae kisimani. Lakini neno huishi kwa watu, si kwenye mzizi. Mwalimu wa Tanzania akisikia malimbikizo anafikiria mshahara aliocheleweshewa. Mwambie daktari kwamba hesabu zake ziandikwe kwa msingi wa malimbikizo, naye ataelewa kwamba aorodheshe madeni sugu. Maana imegeuka: accrual haihitaji ucheleweshaji wowote. Pato huzaliwa pale huduma inapokamilika, hata kama fedha zitaingia kesho asubuhi.

Kwa hiyo mimi nachagua stahiki. Mstaafu anapodai stahiki zake hadai hisani. Anadai kilicho chake tayari, ambacho bado hakijafika mkononi. Hiyo ndiyo hali hasa ya kliniki baada ya fomu kusainiwa. Wahasibu wa Kiarabu nao hutumia mzizi huohuo, istihqaq, kwa dhana hiihii, kwa hiyo tunachukua neno la ndugu. Lina kasoro moja. Stahiki pia ni sifa, kama katika "hatua stahiki", na ukiandika "uhasibu stahiki" msomaji atadhani unasifu uhasibu mzuri. Tuseme basi msingi wa stahiki, dhidi ya msingi wa fedha taslimu, na utata unaisha.

Tofauti ya misingi hiyo miwili huonekana ikiwekwa kwenye tarakimu. Tuseme zahanati ya kubuni, mwezi Januari, imepokea taslimu shilingi 4,200,000, imetibu wagonjwa wa bima kwa thamani ya 6,800,000, na imetumia 7,500,000. Daftari la kaunta linatangaza hasara ya 3,300,000. Kwa msingi wa stahiki mapato ni 11,000,000 na faida ni 3,500,000. Mwezi Machi, malipo ya bima yanapoingia, daftari la kaunta linashangilia faida ambayo kazi yake ilifanywa, na vitendanishi vyake vikaisha, Januari. Mwenye kliniki anayeamua kuajiri muuguzi kwa furaha ya Machi anaamua kwa habari za zamani. Katika hesabu za stahiki, fedha hizo za Machi si pato kabisa. Zinapunguza tu jedwali la wadaiwa.

Upande wa matumizi kanuni ni hiyohiyo, ila stahiki sasa ni ya wengine kwetu. Mwenye nyumba akichukua pango la miezi sita kwa mkupuo, 3,600,000, Januari inabeba 600,000 tu. Dawa zilizochukuliwa mali kauli zinaingia hesabuni japo msambazaji hajalipwa: zikiwa rafuni ni bidhaa, akipewa mgonjwa ndipo zinakuwa gharama.

Wapo wanaodhani haya ni mapambo ya hospitali kubwa. Sivyo. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, daktari aliyesajili kliniki yake kama kampuni hana hiari: lazima atumie msingi wa stahiki. Anayefanya biashara kwa jina lake binafsi ndiye anayeweza kuchagua. Hata hivyo daftari la fedha lisitupwe, kwa sababu mishahara hailipwi kwa madai, na kliniki yenye faida nzuri kwenye karatasi huweza kukosa fedha za kununulia glavu.

Penye ugumu wa kweli ni makato. Bima hailipi kila kilichoandikwa: sahihi imekosekana, dawa haiendani na ugonjwa uliotajwa, au hairuhusiwi kwa ngazi ya kituo. Kuandika 6,800,000 nzima kama stahiki ni kujidanganya kwa adabu. Ikiwa uzoefu wa kituo unaonyesha kwamba kumi ya mia hukatwa, tenga 680,000 mapema, na faida ya Januari inashuka hadi 2,820,000. Halafu panga madai kwa umri: hadi siku 30, hadi 60, hadi 90, na yaliyozidi hapo. Hayo ya mwisho yafuatiliwe kwa barua na simu huku nakala za fomu zikiwa mezani. Yakishindikana, yafutwe kama deni chechefu ndani ya mwaka huohuo, hata kama mwenye kliniki atanuna akiona faida imepungua.