Kanisa la Mtakatifu Paulo, Rabai: Jengo na Lugha Zake

Msafiri atokaye Kinango, katika nchi ya Waduruma, akifuata njia ya Mariakani na Mazeras kuelekea Mombasa, hupita karibu na Rabai, penye kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Paulo. Habari za mahali hapo huelezwa kwa kawaida kama habari za wamisionari wa Kizungu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya majengo yake ni historia ya lugha pia.

Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo cha Rabai mwezi Agosti 1846, kwa idhini ya wazee wa kaya. Kibanda chao cha ibada kilikuwa cha kawaida. Kuta zake zilikandikwa udongo na paa liliezekwa makuti. Vifaa vilikuwa vya wenyeji, na lugha iliyokusudiwa vilevile. Injili ya Luka kwa lugha waliyoiita "Kinika" ilipigwa chapa Bombay mwaka 1848. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875 akikusanya msamiati, lakini waumini walikuwa wachache mno.

Mabadiliko yaliletwa na watu wengine. Mwaka 1864 walifika William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Bara Hindi. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa, waliokombolewa baharini waliletwa kwenye vituo vya misheni, na watoro kutoka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai. Hawa walitoka makabila mengi ya bara. Lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili. Jones alipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa vituo hivyo walipewa uhuru rasmi.

Kanisa la kudumu lilijengwa mwaka 1887. Mwaka huohuo ndipo kamusi ya Kinika ya Krapf na Rebmann ilipochapishwa London. Sadfa hiyo ina maana: kamusi ilitoka wakati ambapo ibada ilikuwa imekwisha kuwa ya watu wasiozaliwa na lugha hiyo. Hata neno "kanisa", lenye asili ya Kiarabu, lilikuja na Kiswahili. "Moro", mahali pa baraza la kaya, halikuhamishwa kuliita jengo jipya.

Kwa hiyo, kuliita kanisa hili kumbukumbu ya Krapf peke yake ni kusema nusu ya kweli. Ni kumbukumbu pia ya jamii iliyolijaza, na ya lugha mbili zilizokutana humo: moja ikaandikiwa kamusi, ya pili ikapewa mimbari. Mtafiti wa Kirabai, na wa Kiduruma kilicho jirani yake, hana budi kuisoma kamusi ile akiikumbuka tofauti hiyo.