Mfalme wa Jumamosi, Kuli wa Jumatatu

Jumamosi iliyopita nilijipa ruhusa nikaenda Chamazi kumsalimia shangazi. Wanaoijua njia ile wanaijua: unashuka Mbagala Rangi Tatu, unagombea gari la Mbande, ukibahatika unapata kiti. Nilipofika nikamkuta mtoto wa shangazi amejikunyata barazani, kanuna, hataki hata soda. Nikadhani timu yake imefungwa. Kumbe amefiwa, na marehemu alikuwa wa karatasi.

Ni hivi. Yeye na wenzake watatu wana mchezo wa mezani wa kuigiza. Kila mmoja ana mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi kwa penseli: jina, nguvu, silaha, majeraha. Mmoja wao hachezi upande wowote, yeye ndiye msimulizi na mwamuzi. Kwa miezi kadhaa wamekuwa wakisafiri katika nchi ambayo haipo, na Jumamosi ile walifika kwenye mji wa sultani aliyetangaza mashindano ya kupigana ulingoni. Mshindi anapewa uamiri jeshi. Binamu yangu alifika nusu fainali, akarusha dadu, dadu likalala kwenye moja. Basi, upanga wa mwenzake ukamaliza kazi.

Shangazi alikuwa anacheka mpaka machozi: kijana mzima analilia karatasi! Lakini babu mmoja jirani, aliyekuja kunywa kahawa, hakucheka. Alisema marehemu baba yake alikuwa na cheo katika Arinoti, na siku kundi lao lilipozidiwa na Marini mzee hakutoka ndani siku mbili.

Je, wewe msomaji unawajua Arinoti na Marini? Mimi niliwahi kuwasoma juu juu nikawasahau. Jumapili nzima nimekuwa nikichimba, na ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata.

Beni ni ile ile bendi ya Kizungu, imetamkwa Kipwani. Ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, vijana walipoanza kuigiza bendi na magwaride ya wanajeshi na wanamaji wa Kizungu. Mombasa walikuwepo Kingi na Scotchi, na majina yenyewe yanakuambia walimwiga nani. Ikashuka Tanga, ikafika Dar es Salaam, ambayo Wajerumani walikuwa wameifanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Huku kwetu makundi makubwa yakawa mawili. Marini, yaani wanamaji, kwa kawaida walikuwa watu wa pwani, makarani na watu waliojiona wamestaarabika. Arinoti wakawa zaidi wabeba mizigo, vibarua na watu waliotoka bara.

Humo ndani kila mwanachama alikuwa na cheo. Walikuwepo wafalme, majenerali, makapteni, hata Kaiser na Bismarck. Cheo kilikuwa na sare yake, na mwenye cheo alipigiwa saluti kweli kweli. Siku ya mashindano hakukuwa na dadu wala upanga. Walishindana kwa gwaride, kwa nguo, kwa nyimbo za kuwakejeli wapinzani na kwa karamu, nani atalisha watu wengi zaidi. Jamani, watu walikuwa wanatumia fedha! Na aliyeshindwa aliimbwa mtaani.

Hapa wapo watakaosema, aah, hao walikuwa wanawaiga Wazungu tu, kasumba. Mimi sikubaliani, na nitakueleza kwa nini. Katika jeshi la Wajerumani hapa kwetu, cheo cha juu kabisa alichoweza kufikia askari mweusi kilikuwa Effendi, na hata huyo Effendi alikuwa chini ya Mjerumani yeyote. Sasa mtu huyo, au ndugu yake anayebeba magunia bandarini, jioni anavaa sare anakuwa jenerali, na watu mia wanamtii kwa hiari yao. Jumatatu anarudi kwenye magunia. Hebu fikiria, mahali pekee ambapo uwezo wako wa kuongoza watu unaonekana ni kwenye mchezo. Ukishindwa hapo umepoteza nini? Umepoteza cheo pekee ulichokuwa nacho.

Halafu ikaja Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Askari, wafungwa wa vita na wapagazi waliikokota beni mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia. Wapagazi wa Waingereza peke yao waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 90,000, na jina la kikosi chao ndilo tunalolitamka kila siku tukienda sokoni: Kariakoo. Waliobaki hai walirudi na gwaride miguuni. Waingereza walipoona watu wenye vyeo vya kijeshi wana matawi yanayoandikiana barua kutoka mji hadi mji, wakaingiwa na hofu kwamba ni chama cha siri. Wakaanza kuchunguza. Walichokikuta, zaidi, ni watu wanaozikana, wanaochangiana na wanaogombana kuhusu ngoma.

Jambo moja lilinifurahisha mno. Mwaka 1951, kule Luanshya kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, mtafiti J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma ya kalela, ambayo ni mjukuu wa beni. Alimkuta mfalme, daktari, na muuguzi aliyevaa nyeupe. Kazi ya muuguzi? Kuwapelekea wachezaji kioo na leso wasije wakaharibika sura kwa jasho. Ni hospitali gani ya Mzungu ulikoona muuguzi wa namna hiyo? Hawakuwa wananakili, walikuwa wanatunga.

Sasa turudi kwenye karatasi ya binamu, maana na yenyewe ina ukoo, na ukoo wenyewe unashangaza. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alikamilisha mchezo wa vita wa mezani ulioanzishwa na baba yake. Ulikuwa na ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu za kuamua hasara, na mwamuzi. Jeshi likautumia kufundishia maofisa. Michezo ya namna hiyo ikaenea kwa raia, na mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za kwanza. Mchezaji akaacha kuongoza kikosi kizima, akawa mtu mmoja mwenye jina na majeraha yake.

Na jeshi hilo hilo la Prussia ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa jeshi la Ujerumani, lile lililokuja kupiga gwaride Dar es Salaam. Kwao mchezo wa maofisa ulibaki mezani. Kwetu gwaride liliishia mtaani, mikononi mwa makuli.

Nilipokuwa naaga Jumamosi ile, binamu alikuwa ameshachana karatasi mpya kwenye daftari na anachonga penseli. Babu amesogeza kigoda karibu, kikombe cha kahawa mkononi. Kijana alitaka mpiganaji mpya aanze akiwa kapteni. Babu akakataa katakata.

"Anza mpagazi," alisema. "Ukapteni wataupigia kelele wenyewe."